UZI: Vitabu vya nishani vya askari wa Kisovieti, na jinsi karatasi moja inavyokufikisha kwa mtu

Wakuu habari za muda huu.

Kule kwenye uzi wa sarafu za zamani kuna mdau aliniuliza mbona mimi nakusanya makaratasi wakati wenzangu wanatafuta medali zenyewe. Nikamwambia jibu lake refu, ntafungua uzi, ndio huu sasa. Ntaandika kwa vipande maana niko kazini na natumia simu, mnivumilie.

Historia fupi. Nilisoma Kharkiv, Ukraine, mwaka wa kwanza wote ukaenda podfak (kitivo cha maandalizi) kujifunza Kirusi, waliopita huko wanajua. Sasa hivi naishi Ujerumani, na Jumapili nikiwa sina zamu huwa nazunguka masoko ya vitu vya zamani Berlin. Jeshi la Kisovieti lilikaa huku toka 1945, wa mwisho wakaondoka 1994 wakiwa tayari ni jeshi la Urusi, so vitu vyao vimezagaa, mikanda, kofia, vikombe vya bati, na kwenye maboksi ya chini kabisa unakuta vijitabu vidogo vyekundu na vyeti vilivyokunjwa ambavyo wapita njia hawavigusi kwa sababu hawajui kusoma herufi zile.

Cha kwanza nilinunua euro 10. Kilikuwa cheti cha medali ya Ushindi dhidi ya Ujerumani, ile iliyoanzishwa 9 Mei 1945 na wakapewa watu karibu milioni 15, yaani moja ya medali za kawaida kabisa. Medali yenyewe haina namba wala jina, ukiishika mkononi huwezi kabisa kujua ilikuwa ya nani. Lakini kile cheti kina jina la ukoo, jina lake na jina la baba yake, kimeandikwa kwa mkono kwa wino wa zambarau, kimesainiwa na mkuu wa kikosi, na muhuri wake una namba ya posta ya jeshini. Nikakaa nacho kitandani usiku ule nikawa najiuliza, huyu alikuwa nani?

Toka siku hiyo sijanunua medali hata moja.

mwanaBuza:
Nimeweka kambi hapa mkuu. Swali, hizo karatasi ni za aina moja au? Na kama jina ni la kawaida kama Juma kwetu utajuaje ndo yeye?

Karani wa Bara (mwanzisha uzi):
Mkuu mwanaBuza maswali mazuri, naanza na la kwanza.

Wasovieti walitofautisha nishani na medali. Nishani (wenyewe wanaita orden) ni kama Nyota Nyekundu ya 1930, Vita vya Uzalendo ya 20 Mei 1942 yenye daraja mbili, Utukufu ya 8 Novemba 1943 yenye daraja tatu kwa askari wa kawaida na masajenti. Hizi zina namba nyuma, na mwenye nishani anapewa kitabu cha nishani ambacho ndani kinaorodhesha zote alizonazo na namba zake. Halafu medali, mbili za kuheshimika zaidi ni "Kwa Ushujaa" na "Kwa Huduma za Vitani", zote za Oktoba 1938, wakati wa vita nazo zilikuwa na namba. Afu zinakuja za miji, kulinda Leningrad, Odessa, Sevastopol na Stalingrad zilitangazwa siku moja, 22 Desemba 1942, na za kuteka Berlin, Vienna, Budapest, Königsberg zikaja Juni 1945. Hizi za miji hazina namba, cheti chake ndio kila kitu.

Kuna na vyeti vya muda. Huko mstari wa mbele hakukuwa na muda wa kuandika vitabu vizuri so askari anapewa kikaratasi cha muda, baada ya vita anakwenda ofisi ya jeshi ya wilaya yake kubadilisha. Hii ni muhimu sana kuielewa maana wengi wanadanganyika hapa. Kitabu cha nishani kina saini iliyochapwa ya mwenyekiti wa Presidiamu ya Sovieti Kuu. Mpaka Machi 1946 ni Kalinin, baada ya hapo ni Shvernik mpaka 1953, kisha Voroshilov. Mtu akiona nishani ya 1943 kwenye kitabu chenye saini ya Shvernik anasema feki, kumbe sio feki, jamaa alibadilisha kikaratasi chake mwaka 1947 basi. Kinyume chake ndio tatizo, yaani kitabu cha Kalinin kina nishani ya 1950 kwa mwandiko na wino uleule wa mwanzo, hapo weka chini uondoke. Na ukiona cheti cha 1945 kimejazwa kwa peni ya biki, usiulize hata bei, maana peni hizo huko zilikuwa bado.

Vitabu hivyo vilikuja na kuponi. Mwenye Nyota Nyekundu alikuwa analipwa rubo 15 kila mwezi, mwenye medali ya Kwa Ushujaa rubo 10, na mwenye nishani anapanda tramu za mjini bure. Malipo na nafuu hizo vilifutwa kuanzia 1 Januari 1948. Nina kitabu kimoja ambacho kuponi zimekatwa moja moja mpaka hapo zikaishia, zilizobaki ziko vilevile, na kila nikikifungua naumia maana hawa watu vijiji vyao vilikuwa vimechomwa, rubo 15 haikuwa kitu cha kuchezea.

Sasa la pili, utajuaje ndo yeye. Hapo ndio utamu ulipo, nikitoka kazini ntaendelea.

Nyota_ya_Tanga:
Ndugu mimi naomba niulize bila kukukwaza. Hizi ni kumbukumbu za familia za watu. Si bora zikae kwao?

Karani wa Bara:
Dada hujanikwaza hata kidogo, hilo swali najiuliza kila mara.

Kwanza watu wajue sheria. Urusi kununua au kuuza nishani za Kisovieti na hati rasmi ni kosa la jinai, kifungu cha 324 cha sheria yao ya makosa ya jinai, na kuzitoa nje ya nchi usijaribu kabisa. Wanaosoma huko wasije wakapitiwa sokoni wakaishia polisi. Mimi nanunua vilivyokwisha kutoka miaka mingi, viko kwenye maboksi ya Berlin, na nisipovichukua mara nyingi muuzaji anavichana, kitabu anauza kwa huyu, kuponi kwa yule, nimeona kwa macho yangu.

Pili, kila nikimpata mhusika nachukua skani safi ya kila ukurasa na natafuta kijiji chake. Shule nyingi za Urusi zina chumba cha makumbusho ya vita, nawaandikia. Familia ikitokea ikitaka cha kwao nawapa, bei nitabeba mwenyewe. Na ndio maana humu sitaandika jina la yeyote, wana watoto na wajukuu hawa.

Sasa tuendelee na utafutaji.

Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilifungua saiti tatu ambazo kwangu mimi ni kazi kubwa kuliko makumbusho yoyote niliyowahi kuingia. Ya kwanza ni Memorial, 2007, ya waliokufa na waliopotea. Ya pili ni Podvig Naroda, 2010, ya nishani. Ya tatu ni Pamyat Naroda, 2015, imeunganisha yote na ikaongeza ramani na shajara za vikosi. Zote bure. Nyaraka zenyewe ziko Podolsk, kusini ya Moscow, kwenye hifadhi kuu ya wizara, za nishani nyingi ziko fondi (fungu la nyaraka) namba 33.

Unachotafuta humo ni nagradnoy list, yaani karatasi ya kumpendekeza mtu apewe nishani. Ukurasa wa kwanza ni fomu: jina kamili, cheo, kazi yake kikosini, mwaka wa kuzaliwa, kabila lake, kama ni mwanachama wa chama, yuko jeshini toka lini, amejeruhiwa mara ngapi, ofisi gani ya wilaya ilimwandikisha, na mara nyingi anwani ya nyumbani. Kisha inafuata sehemu ya maelezo, yaani alifanya nini hasa, siku gani, mahali gani. Halafu maoni ya wakubwa, mmoja juu ya mwingine, na hapa unaona mambo, mkuu wa rejimenti amemwombea nishani ya Bendera Nyekundu, iliyo kubwa zaidi, juu wakamkata wakampa Nyota Nyekundu. Ninayo moja hivyo, dereva wa kifaru, na aliyemkata hakuandika sababu.

Mkuu mwanaBuza, ndio hivyo unamjua mtu wako. Jina peke yake halitoshi, unalinganisha jina la baba, mwaka, cheo, kikosi, na ile ofisi ya kuandikisha. Vikilingana vitatu vinne umempata. Na namba ya posta ya jeshini kwenye muhuri inakuambia ni kikosi gani.

Kwa medali ndogo usitegemee karatasi nzima. Kuanzia Novemba 1942 mkuu wa rejimenti aliruhusiwa kutoa mwenyewe "Kwa Ushujaa" na "Kwa Huduma za Vitani", na maelezo yanakuwa mistari miwili mitatu ndani ya amri yenyewe, kati ya watu ishirini wengine. Usikate tamaa ukidhani haipo, soma amri yote.

dokta_wa_meno:
Mkuu safi sana. Mimi nilimaliza Odessa nasoma Kirusi vizuri ila ile miandiko ya mkono ilinishinda hata daftari za maprofesa.

Karani wa Bara:
Dokta karibu sana, wewe ndo nakuhitaji, kaa hapohapo.

Wadau ambao hamjui, Kirusi cha kuandika kwa mkono ni lugha nyingine kabisa. Herufi ya t inaandikwa kama m yetu, ya d kama g, ya i kama u, ya p kama n. Programu za kusoma maandishi kwa simu mara nyingi zinakwama. Na makarani walikuwa wanaandika mafichoni chini ya ardhi kwa taa ya mafuta, majina ya Wauzbeki, Wakazaki na Watatari wakayaandika walivyoyasikia, so kama mtu wako ni wa huko jaribu jina kwa namna tano sita. Mmoja wangu nilimpata ya saba.

Sasa niwape habari iliyonifanya nifungue uzi.

Mwaka jana nilinunua kitabu cha nishani, euro 40, kimechakaa pembe, hakina picha. Ndani kuna Nyota Nyekundu na medali ya Ushindi, basi. Jina ni la mwanamke. Nikatafuta Podvig Naroda, kikatoka cheo sajenti, mhudumu wa majeruhi katika kombania ya askari wa miguu, kazaliwa 1923, mkoa wa Tambov. Nishani imetolewa kwa amri ya divisheni, vuli ya 1943, mto Dnieper.

Karatasi yake inasema kwa siku mbili ng'ambo ya mto, kwenye kipande cha ardhi ambacho kikosi chake kilikuwa kimekishika huku kinapigwa mizinga, alitoa uwanjani majeruhi 27 pamoja na silaha zao.

Mara ya kwanza nikasoma nikapita. Baadae nikarudi, nikajiuliza kwa nini karani ataje silaha? Mtu anatoa watu kwenye moto, bunduki ya nini? Nikatafuta mpaka nikaelewa. Kuna amri namba 281 ya 23 Agosti 1941, inasema mhudumu anayetoa majeruhi 15 na bunduki zao au rashasha ndogo apendekezwe kwa medali, majeruhi 25 Nyota Nyekundu, 40 Bendera Nyekundu, 80 nishani ya Lenin. Silaha zilikuwa haba kiangazi kile cha 1941, jeshi likahesabu mtu na bunduki yake kwa pamoja. So yule karani aliandika 27 na silaha zao kwa sababu bila neno silaha karatasi isingepita. Na bunduki ya Mosin, ile ya askari wao wa miguu, inakaribia kilo nne. Binti wa miaka 20.

Baada ya hapo nikaogopa kufungua Memorial, sitaki kudanganya. Dnieper walikufa wengi sana. Nikafungua, hayumo. Lakini kutokuwemo hakumaanishi alipona, majina mengi hayakuingia. Kitabu kina medali ya Ushindi so 1945 alikuwa hai. Baada ya 1945? Giza.

Kuna kitu kimoja cha kujua hapa. Mwaka 1985, miaka arobaini ya ushindi, wapiganaji waliokuwa bado hai walipewa nishani ya Vita vya Uzalendo, na kadi za zoezi lile zimeingizwa kwenye kanzidata. Ukimkuta mtu wako mle ujue alifika 1985. Nikaandika jina lake, hakuna kitu. Nikakaa wiki mbili naamini alikufa mapema, mpaka usiku mmoja nikashtuka, huyu si mwanamke? Si ameolewa! Nikafuta jina la ukoo, nikaacha jina lake, la baba, mwaka na kijiji. Kadi ikatoka moja tu. Jina la ukoo jingine, kijiji kilekile, mwaka uleule, cheo kilekile.

Ilikuwa saa nane usiku, nikamwamsha mke wangu. Nikamwambia alipona, akauliza nani, nikashindwa hata nianzie wapi.

kamau_254:
Sasa mkuu, hii imenigusa. Guka (babu) wangu alienda Burma na KAR (King's African Rifles), ameacha nyota mbili za medali kwa kopo ya tumbaku. Nataka kujua mambo yake, naeza pata kitu kama hizo karatasi?

Karani wa Bara:
Kamau pole na hongera kwa kuzitunza. Nikwambie ukweli, zile nyota za Waingereza za vita ya pili, Burma Star na nyinginezo, askari wa KAR walipewa bila jina kuchongwa, so medali haitakwambia kitu, kama za miji za Wasovieti tu ila hapa hakuna hata cheti. Kama alipata medali ya ushujaa kama Military Medal hiyo ni habari nyingine, mapendekezo yake yanahifadhiwa kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, kwenye kundi la nyaraka WO 373, na mengi yameskaniwa. Anza na namba yake ya jeshi. Waulize wazee nyumbani, inawezekana iko kwenye karatasi ya kuachishwa jeshi, au alikuwa anaitaja kwa mdomo, wengi wao hawakuisahau namba mpaka kufa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw 1944 mpaka mto Chindwin, angalia kama kwenye hadithi zake kuna jina Kalewa, mji wa hapo mtoni.

Nami babu yangu alikuwa huko. Kwetu hata kopo hakuna.

mwanaBuza:
Mkuu hizo karatasi za kupendekeza unaziamini zote? Si kila mkuu anataka askari wake waonekane?

Karani wa Bara:
Siziamini zote. Idadi ya Wajerumani waliouawa usiichukue kama ilivyo, nimeona kikosi kimoja wote wameua kwa namba za duara, kumi, ishirini, thelathini. Ndio maana Pamyat Naroda imeweka shajara za mapigano, unafungua siku ileile uone divisheni yenyewe iliandika nini. Ya yule binti nimefungua, shajara ya siku zile mbili inataja mizinga, mashambulizi ya kujibu, na majeruhi wengi. Inalingana.

Mtego mwingine ni nishani za utumishi. Kuanzia 4 Juni 1944 maofisa na askari wa muda mrefu walianza kupewa nishani kwa miaka, miaka 10 medali ya Huduma za Vitani, 15 Nyota Nyekundu, 20 Bendera Nyekundu. Muuzaji atakwambia shujaa wa vita, kumbe Nyota ya 1949 ya karani wa stoo aliyetimiza miaka 15. Simdharau karani, ila ujue unachonunua.

Kutunza ni rahisi, usilamineti kamwe, usiweke selotepu hata tone, tumia mifuko ya plastiki isiyo na PVC, na kwa joto na unyevu wa pwani weka juu ya kabati sio chini ya kitanda.

Sasa Dokta, nakuomba. Kwenye karatasi ya yule binti kuna neno limenishinda mwaka mzima. Sentensi inasema "akiwa amejeruhiwa mkononi hakuondoka, akaendelea kuwavuta majeruhi kwenye..." halafu mwisho wa mstari umeingia pale faili liliposhonewa, hauonekani, na mstari unaofuata unaanza na neno ambalo mimi nasoma "lopatke". Lopatka ni koleo dogo la askari, au mfupa wa bega. Koleo haiingii akilini, so nilitafsiri "mgongoni". Ila moyo haujatulia, kawavuta mgongoni? Skani nimekutumia inboksi.

dokta_wa_meno:
Mkuu nimeikuza mpaka mwisho. Ile herufi ya kwanza sio l, ni p, angalia anavyoandika p kwenye "polka" (ya rejimenti) mstari wa tatu, anaunganisha mguu chini hivyohivyo. Na ya pili ni a sio o. Ni "palatke". Na pale kwenye mshono juu kabisa kuna kikia kidogo cha herufi shch na kistari. Imeandikwa "na plashch-palatke". Lile koti la mvua la turubai walilokuwa wanavaa askari, likitandikwa linakuwa kama shuka. Alikuwa anamlaza majeruhi juu yake na bunduki ubavuni, anashika pembe anaburuta huku anatambaa.

Karani wa Bara:
Dokta.

Nimerudi nimefungua skani na kweli kikia kile kipo, mwaka mzima nilidhani ni uchafu wa karatasi.

Narekebisha maandishi niliyowatumia shule ya kijiji chake, yanakwenda kwao leo hii usiku, kwa Kiswahili ni hivi: "Akiwa amejeruhiwa mkononi hakuondoka uwanjani, akaendelea kuwavuta majeruhi juu ya koti la turubai mpaka kwenye maboti."